ZIWA LETU SI BESENI LA KUMWAGIA SAMAKI WA MCHEZO



Maneno yamezagaa. Kituo cha kukusanyia majani ya chai yapo, kilabuni yapo, hata msibani wiki iliyopita watu walikaa pembeni wakanong'onezana. Habari yenyewe ni moja: eti ushirika wetu utoe fedha za mfuko wa akiba, inunuliwe boti ya injini, viletwe vifaranga vya samaki wakubwa wakali, vimwagwe katika ziwa letu hapa bondeni, halafu wageni kutoka ng'ambo waje kuvua kwa mchezo na kutuachia dola. Waliotoa wazo hili hatuwataji kwa majina, maana ni vijana wetu wenyewe, na hawana nia mbaya. Lakini wazo lenyewe ni baya, na sisi wa ofisi ya tawi tunalipinga hapa ukutani mchana kweupe, ili mtu asije kusema baadaye hakuambiwa.

Kwanza tuelewane uvuvi wa mchezo ni kitu gani, maana wazee wengine wanacheka tu. Mzee mmoja alituuliza: "Mtu amemvua samaki, amempiga picha, amemrudisha majini, halafu analipa. Huyo mtu ni mzima?" Ni mzima, Mzee wetu. Kuna watu duniani wana fedha nyingi na kazi zao ni za kukaa kitini mwaka mzima. Wanachotaka si kitoweo. Wanataka kuvutana na samaki mwenye nguvu mpaka mikono itetemeke. Kitoweo wanakula hotelini.

Na vijana wetu waliofanya kazi Zanzibar na Mafia hawakudanganya. Biashara hiyo ipo, na ina fedha. Boti zinatoka asubuhi na mapema kwenda Mfereji wa Pemba, ambako maji ni ya kina kirefu sana, au zinakwenda Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mawe na ndege ambacho ramani za Waingereza zinakiita Latham. Zinakokota mishipi nyuma yake, yenye chambo cha bandia kinachorukaruka juu ya maji. Anayetafutwa zaidi ni samsuli, yule mwenye mdomo kama sime, ambaye anaweza kupita kilo mia mbili. Wapo pia jodari, nguru na faulusi. Msimu wenyewe ni wakati wa kaskazi. Kusi likianza kuvuma bahari inachafuka, na boti nyingi zinapumzika. Mgeni anayekodi boti kwa siku nzima hulipa dola mia kadhaa. Hayo yote ni kweli, hatuyakatai.

Wala si jambo la jana. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua namna hiyo katika bahari ya Malindi mwaka 1934, na mpaka leo pwani ya Kenya wanalitumia jina lake kuita wageni. Kule Watamu kuna taasisi inaitwa African Billfish Foundation ambayo kazi yake ni kuwawekea samsuli na jamaa zake alama kabla ya kuachiwa, ili akivuliwa tena mahali pengine ijulikane alikopita. Kwa hiyo samaki mmoja anaweza kumlipisha mgeni leo, akamlipisha mwingine mwakani. Ni akili, si wazimu.

Sasa tuulizane jamani. Yule samsuli nani alimpeleka baharini?

Hakuna. Yupo kwake. Bahari ni yake tangu zamani, chakula chake kipo, maadui zake wapo, na watoto wake wanajua pa kukulia. Mvuvi wa mchezo wa pwani anakwenda kumtembelea samaki nyumbani kwa samaki. Mpango tunaoletewa sisi ni kinyume kabisa: tumchukue samaki wa kwingine, tumlete katika ziwa ambalo hakuzaliwa, kwa sababu tu wenyeji wa ziwa hili ni wadogo na hawamfurahishi mgeni mwenye fimbo ya uvuvi. Hapo ndipo tunaposema hapana. Na hatusemi kwa kubahatisha, kwa sababu jambo hili limeshafanywa katika nchi hizi za Afrika Mashariki, na majibu yake tunayo.

Tumzungumze sangara.

Watu wengi hapa wanafikiri sangara ni wa Ziwa Victoria tangu Mungu aumbe dunia. Si kweli. Ziwa Victoria lilikuwa na ngege, kambare, ningu, na zaidi ya wote lilikuwa na furu, samaki wadogo wa mamia ya aina. Sangara alipelekwa mle miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa mkoloni, na maofisa wa upande wa Uganda. Sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, walisema furu ni wadogo, wana miba, hawana thamani, basi aletwe samaki mkubwa awale awageuze kuwa nyama nzuri. Ya pili, na hii tunaomba muisome mara mbili, walitaka samaki wa mchezo. Bwana mkubwa wa Kiingereza akitoka ofisini Jumamosi apate kitu cha kuvutana nacho.

Na walionywa. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki, Mwingereza mwenzao, Geoffrey Fryer, aliandika kuwatahadharisha wasifanye. Hawakumsikiliza. Sangara akaingia. Kwa miaka mingi hakuonekana kufanya lolote, watu wakasema mbona salama tu. Kumbe alikuwa anazaana. Ilipofika miaka ya 1980 akalipuka, ziwa zima likawa lake. Wataalamu wanakadiria aina kama mia mbili za furu zilipotea. Aina mia mbili, ndugu zangu, si samaki mia mbili. Ni sawa na kusema mbuzi wameisha duniani, kondoo wameisha, kuku wameisha, kisha uhesabu hivyo mpaka ufike mia mbili.

Mtu atasema: lakini sangara alileta fedha. Ndiyo, alileta, na katibu mwenye haki lazima aseme hivyo. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, vijana walipata kazi, nchi ilipata fedha za kigeni. Lakini tazama fedha hizo zilivyogawanyika. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Kwa wenyeji ilibaki mifupa na vichwa, yale yanayoitwa mapanki, watu wakawa wanayakaanga na kuyauza. Samaki wa ziwa lao wenyewe, wao wakala mabaki! Na akina mama waliokuwa wakianika furu juani bila gharama, walimwona sangara ana mafuta mengi, haaniki akakauka, anataka moshi. Moshi unataka kuni. Miti ikakatwa. Halafu mwaka 1999 Ulaya ilipoingiwa na shaka kwamba kuna watu wanavua kwa sumu, ilifunga mlango wake, na mvuvi wa kawaida kule ziwani akabaki na samaki wake mkononi akimtazama. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo bei, ndege na mlango wote viko kwa mtu mwingine.

Leo kisiwani Rubondo, ndani ya hifadhi ya taifa, wageni wanalipa kumvua sangara kwa mchezo. Vizuri, maadamu yumo tayari, na alipwe. Lakini hata huo mchezo hauwezi kuwarudisha furu.

Tugeuke sasa tutazame maji ya kwetu. Wilaya ya Rungwe imejaliwa maziwa ya volkano. Ngosi iko kule juu milimani, wote mnaijua. Masoko, ambalo wengine wanaliita Kisiba, liko huku chini. Yapo na mengine madogo kama hili letu. Ukisimama ukingoni unaona ni shimo la maji tu, mviringo, limetulia. Ziwa kama Masoko upana wake ni kama mita mia saba, mtu mwenye miguu mizuri anamaliza kulizunguka kabla chai haijachemka. Na samaki wake ni wadogo, kweli, mtoto anawavua kwa ndoano ya pini.

Lakini mwaka 2015 jarida la kisayansi linaloitwa Science, linalosomwa na wataalamu wa dunia nzima, lilichapisha utafiti juu ya hao hao samaki wadogo wa Masoko. Wataalamu waligundua kwamba samaki wa aina moja wanagawanyika kuwa wawili mle ndani ya shimo. Wanaokaa ufukweni madume yao ni ya manjano, wanaokaa kwenye kina ni ya buluu, na chakula chao na vinywa vyao vimeanza kutofautiana. Yaani watu wametoka Ulaya na vyombo vyao kuja kutazama kitu ambacho hawawezi kukiona kirahisi mahali pengine, na kitu hicho kiko Rungwe, umbali wa safari ya bodaboda. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, habari hiyo tuliposomewa na mwalimu wa sekondari tulimwomba airudie.

Hatusemi ziwa letu lina ajabu ile ile. Hakuna aliyekuja kulipima. Ndiyo sababu tunasema lisimwagiwe kitu. Utachomaje ghala ambalo hujafungua kuona lina nini? Katika ziwa kubwa kama Victoria sangara alichukua zaidi ya miaka ishirini kumaliza kazi yake. Katika shimo hili letu samaki mlafi wa namna hiyo atawamaliza wadogo haraka, kisha atawala watoto wake mwenyewe, kisha atadumaa. Mgeni atakuja na fimbo ya bei kubwa kuvuta samaki aliyekonda. Atarudi tena?

Wapo wanaosema basi tusilete sangara, tulete trauti kama wale waliowekwa Mufindi. Trauti ni samaki wa maji ya baridi sana, ya mbio, yenye hewa nyingi. Mkoloni alimtawanya katika mito ya milimani Afrika Mashariki yote ili ajisikie yuko kwao. Ziwa letu liko chini kwenye migomba na kakao, maji yake ni ya vuguvugu. Kumtia trauti humo ni kumnunulia jeneza. Wengine wanasema tulete sato. Sato si wa mchezo, na katika maji ya Ziwa Nyasa ana jamaa zake wenyeji, magege, ambao akichanganyika nao wanazaa machotara, na hao magege ndio kitoweo chetu kinachopanda kutoka Kyela kila siku ya soko.

Tena kuna sheria. Huwezi kuamka asubuhi ukachukua ndoo ya vifaranga ukamwaga ziwani. Mambo ya uvuvi yako chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na kuhamisha samaki kutoka maji haya kwenda yale kunataka kibali cha serikali. Na ile hesabu ya kujenga mabanda ya wageni palepale mchangani inagongana na Sheria ya Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004, ambayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Mita sitini, ndugu. Hiyo inatuhusu hata sisi wenyewe, na tutaifikia.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko mpango huu unakotia utamu. Tunaambiwa mgeni atalipa dola. Atalipia wapi? Atalipa akiwa kwao, kwa kadi, kwa wakala. Injini imetoka nje, fimbo na mshipi vimetoka nje, mafuta yametoka nje, mwendesha boti itabidi aletwe kutoka pwani kwa kuwa hapa hakuna anayejua. Kinachobaki kijijini ni kubeba mizigo, kufua mashuka, na bahasha ya bakshishi akipenda. Ubishi huu si mpya. Mwaka 1970 vijana wa chuo kikuu Dar es Salaam walibishana gazetini wakiuliza utalii unamnufaisha nani, na Issa Shivji akayakusanya mabishano yale katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Zaidi ya miaka hamsini imepita na swali bado liko palepale, isipokuwa safari hii limetufikia mlangoni na linataka fedha zetu.

Na fedha zenyewe ni zipi? Ni makato ya kilo kwa kilo ya majani ya chai na maparachichi. Ni mama mjane aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akachuma kwenye umande. Mfuko ule uliwekwa kwa ajili ya paa la kituo, ambalo kila mvua ikinyesha majani yanalowa na daraja linashuka, na kwa ajili ya mizani ya pili. Mkutano mkuu ulikwisha kupitisha. Leo mtu anataka paa lisubiri ili samaki waje kucheza!

Wametuita waoga wa maendeleo. Wamesema katibu anaishi na mawazo ya vijiji vya ujamaa. Sawa, na waseme. Lakini mgeni hatumkatai. Mgeni na aje. Aje azunguke ziwa kwa miguu na kijana wetu akimwongoza, aje apande mtumbwi wetu, alale katika nyumba ya mwanakijiji, anywe maziwa na ale ndizi. Hayo hayahitaji kumwaga kitu majini, na mtaji wake ni ufagio na adabu. Na kama anataka kuvutana na samaki kwelikweli, yupo samaki mwenyeji wa kumtosha. Ni mbasa.

Mbasa mnamjua mnapomnunua, yule wa Kyela mwenye magamba ya fedha. Anaishi Ziwa Nyasa, na hayupo mahali pengine popote duniani isipokuwa ziwa hilo na mito yake. Mvua zikija anapanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe. Ana nguvu, anashindana na mkondo. Wenzetu wa Malawi wanamwita mpasa, na katika mto Bua, ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, wageni wanakwenda na ndoano kumfuata yeye tu, wanamvua na kumwachia. Huyo ndiye samsuli wa kwetu. Hakuletwa na mtu.

Lakini mbasa anapungua, na wataalamu wamemwandika katika hesabu ya samaki walio hatarini. Wanamkinga kwa nyavu midomoni mwa mito wakati ana mayai. Hilo ni la wenzetu wa Kyela, na wao wana vikundi vyao vya kulinda uvuvi. Letu sisi ni maji. Mto Kiwira, mto Mbaka, vijito vyote hivi vinavyoshuka, maji yake yanatoka milimani kwetu, yanapita mashambani kwetu, ndiyo yanayofika kule anakotaga. Na sisi tunayafanyaje? Tunalima viazi mpaka mguu uko majini. Tunasafisha bomba la kupulizia dawa ya maparachichi kwenye kijito kilekile ambacho chini yake mtoto anateka maji. Wapo, na tunawajua, wanaomwaga sumu madimbwini ili samaki waelee. Halafu mtu wa namna hiyo anasimama mkutanoni anataka ushirika ununue boti ya kuvulia!

Kwa hiyo ofisi ya tawi, kwa kushirikiana na wajumbe watatu wa bodi waliokubali, inapeleka hoja hizi katika mkutano mkuu. Mfuko wa akiba usiguswe, paa lijengwe kabla ya masika. Serikali ya kijiji iweke katika sheria ndogo kwamba hakuna samaki wa nje atakayemwagwa ziwani, awe wa mchezo au wa kitoweo, mpaka wataalamu wa uvuvi waje walipime ziwa na kutuambia lina nini. Vigingi vya mita sitini vipigwe kuzunguka ziwa na kando ya kijito, kuanzia shamba la katibu, ambalo migomba yake minane iko ndani ya mpaka na itang'olewa Jumatatu. Na watumwe watu wawili kwenda Kyela kuzungumza na vikundi vya uvuvi juu ya mbasa. Nauli yao itachangwa, haitatoka mfukoni mwa ushirika.

Vijana wenye ule mpango wa boti wasione wamefungiwa mlango. Wawili kati yao wanajua lugha za wageni na wanajua kupokea mtu, hiyo ni mali. Waje kwanza na hesabu iliyoandikwa: nani mwenye boti, nani mwenye leseni, nani anashika fedha, na nani analipa samaki wetu wakiisha.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa kituoni. Kila mwanachama aje na kitabu chake, maana tutapiga kura kwa kunyoosha mikono na majina yatasomwa. Anayetaka kujibu gazeti hili aandike, akimpa mtunza ghala tutabandika hapa pembeni kabla ya Ijumaa. Asiyejua kuandika aje kwa katibu jioni, tutamwandikia maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kutupinga.